Makala Inafunguka Ofisini, Nyumbani Haifunguki

Mkutubi anajibu maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali, lakini karibu zote zinahusu jambo moja: viungo vya makala za maktaba ambavyo leo vinafunguka na kesho vinagoma, au vinavyomfungukia aliyevituma peke yake. Nimechagua chache zinazogusa matatizo tofauti. Waandishi wake hatukuwataja majina.

SWALI: Ndugu Mkutubi, mimi ni mhadhiri wa sosholojia katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Muhula uliopita niliandaa orodha ya usomaji yenye makala kumi na nne, nikaweka viungo vyake kwenye Moodle, jukwaa letu la masomo mtandaoni, na kila kimoja nilikijaribu mwenyewe nikiwa ofisini. Vyote vilifunguka. Wiki ya pili wanafunzi wanaosoma kwa masafa, walioko Songea na Sumbawanga, wakaniandikia kwamba baadhi yao wanadaiwa dola, wengine wanaambiwa muda umekwisha, na wengine wanaletewa ukurasa mtupu wa kutafutia. Niliishia kuwatumia mafaili moja moja kwa barua pepe. Kosa langu liko wapi, nami nifanye nini kabla muhula mpya haujaanza?

JIBU: Mwalimu, kosa ni moja, na ni wahadhiri wachache sana ambao hawajawahi kulitenda: ulinakili anwani iliyokuwa juu ya kivinjari chako wakati makala ikiwa wazi. Anwani ile ilikufaa wewe, kwenye kompyuta ile, mahali pale na kwa saa ile. Haikuandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Chuo kinapolipia majarida, mchapishaji hamfahamu mhadhiri wala mwanafunzi kwa jina. Anachokifahamu ni orodha ya anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha mtandao ambao kompyuta inatokea, ambazo chuo kilimkabidhi wakati wa kuandikiana mkataba. Ukiwa ofisini, au popote waifai ya chuo inapofika, ombi lako linatoka kupitia mojawapo ya anwani hizo, na mchapishaji anakufungulia bila kukuuliza lolote, kiasi kwamba wengi wetu hudhani makala hizo ni za bure. Mwanafunzi wa Songea anayetumia bando la simu anatoka na anwani ya kampuni ya simu, ambayo haimo kwenye orodha. Kwa hiyo huonyeshwa ikisiri na bei, na bei ya makala moja mara nyingi hupita dola 30.

Walioambiwa muda umekwisha wana tatizo jingine. Baadhi ya hifadhidata, yaani tovuti zinazokusanya makala za majarida mengi, pindi unapotafuta jambo, huandika ndani ya anwani namba ya kipindi chako cha matumizi pamoja na hatua ulizopitia hadi kuifikia makala. Mfumo wa zamani wa EBSCOhost ulijulikana sana kwa tabia hiyo, na ndiyo maana wakutubi wa rika langu tulichoka kuieleza. Anwani ya namna hiyo ni kama tiketi ya basi: ina tarehe na namba ya kiti, na ukimpa mwenzako kesho yake kondakta hataitambua. Kipindi kikiisha, hifadhidata ama inasema muda umekwisha, ama inamrudisha mtu kwenye ukurasa wa kuanzia kutafuta. Huo ndio ukurasa mtupu waliouona wanafunzi wako.

Dawa yake nitaieleza kwa sarufi. Kiungo cha kudumu kinachofunguka nje ya kampasi kina sehemu mbili, mzizi na kiambishi awali. Mzizi ni anwani ya makala yenyewe, isiyobadilika, ambayo ni ileile kwa msomaji wa Morogoro na wa Toronto. Kiambishi awali ni cha maktaba yako, na kazi yake ni kumpitisha msomaji kwenye mlango wa maktaba ajitambulishe kwa namba na nywila yake, kisha kumfikisha kwenye mzizi akiwa amevaa anwani ya IP ya chuo. Mzizi bila kiambishi humfungukia aliye kampasi tu, na kiambishi bila mzizi imara humpitisha msomaji mlangoni kikamwacha hewani.

Tuanze na mzizi. Ulio bora kuliko yote ni DOI, yaani kitambulisho cha kudumu kinachoanza na 10 na nukta, ambacho makala za kitaaluma zimekuwa zikipewa kwa wingi tangu Crossref, shirika linalozisajili DOI, ilipoanza kazi mwaka 2000. Ubora wake ni kwamba hakionyeshi mahali makala ilipo. Kinaonyesha makala ni ipi, na kuna rejesta inayosema kwa sasa inakaa wapi. Jarida likihama kutoka kwa mchapishaji mmoja kwenda kwa mwingine, mchapishaji mpya husahihisha rejesta, nawe huna haja ya kugusa orodha yako. Chukua makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1953, miongo mingi kabla ya wavuti kuwapo: kitambulisho chake ni 10.1038/171737a0, na ukikitanguliza kwa https://doi.org/ unafika pale ilipo leo.

Makala isiyo na DOI hutafutiwa mzizi kwenye hifadhidata yenyewe. JSTOR huandika anwani imara waziwazi katika maelezo ya makala, nayo huwa na neno «stable» likifuatiwa na namba. EBSCOhost ina kitufe cha kiungo cha kudumu ambacho lazima ukibofye, kwa maana hakijitokezi chenyewe juu ya kivinjari. ProQuest ina anwani yenye neno «docview» na namba ya makala. Kinachofuata baada ya alama ya kuuliza, hasa «accountid», ni namba ya akaunti ya taasisi fulani, na aghalabu unaweza kukiondoa bila kupoteza makala. Ukurasa wa matokeo ya utafutaji usiunakili kamwe, hata kama makala unayoitaka ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

Sasa kiambishi. Vyuo vingi hutumia seva ya proksi, yaani kompyuta inayosimama kama mlango kati ya msomaji na mchapishaji, yenye programu iitwayo EZproxy, iliyoandikwa na Chris Zagar mwaka 1999 na ambayo tangu 2008 imo mikononi mwa OCLC, shirika linalohudumia maktaba. Kiambishi chake huwa na sura hii: jina la seva ya maktaba, kisha «/login?url=», kisha mzizi wako bila kuacha nafasi. Kwa chuo cha kufikirika, kiungo kizima kingekuwa hivi:

https://ezproxy.chuochako.ac.tz/login?url=https://doi.org/10.1038/171737a0

Jina halisi la seva ya chuo chako atakupa mkutubi, na ninakusihi umwombe akupe kwa maandishi badala ya kulikisia kutoka kwenye kiungo cha mwenzako. Vyuo vinavyotumia OpenAthens, mfumo mwingine wa kumtambulisha msomaji, vina kiambishi cha namna nyingine, kinachoanza na go.openathens.net na kubeba jina la kikoa cha taasisi, lakini mantiki ni ileile. Kuna jambo dogo linalowasumbua watu hapa: mzizi ukiwa na alama ya & ndani yake, baadhi ya mifumo hudhani alama hiyo ni ya kiambishi na kuukata mzizi katikati. OpenAthens hutaka mzizi usimbwe kwanza, yaani alama hizo zibadilishwe kuwa alama ya asilimia na tarakimu au herufi, na maktaba nyingi zina ukurasa mdogo unaokufanyia kazi hiyo ukibandika mzizi tu. EZproxy nayo hupokea mzizi uliosimbwa ukiandika «qurl=» mahali pa «url=». Ukitumia DOI, tatizo hili hukutani nalo sana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda.

Linalobaki ni kujaribu, na hapa ndipo ulipoteleza licha ya bidii yako. Kujaribu kiungo ukiwa ofisini hakukuambii lolote, kwa kuwa kampasi inakufungulia hata kiungo kilichoharibika nusu. Zima waifai ya chuo, washa bando la simu yako, fungua dirisha la faragha la kivinjari ambalo halikumbuki kwamba uliwahi kuingia, kisha bofya. Ukiombwa namba na nywila, na baada ya kuziandika ukaangukia kwenye makala yenyewe badala ya ukurasa wa mbele wa hifadhidata, kiungo ni kizima. Rudia kesho yake kwa viungo viwili vitatu, hasa vile visivyo na DOI. Makala kumi na nne zitakuchukua jioni moja.

SWALI: Shikamoo Mkutubi. Ninasoma shahada ya uzamili nikiwa kazini Kigoma. Mhadhiri wetu aliweka viungo ambavyo anasema vina proksi. Kimoja kinanipeleka kwenye ukurasa wa kuingia, naandika namba yangu vizuri, kisha napata ujumbe kwamba anwani hiyo hairuhusiwi. Kingine kina anwani ndefu yenye vistari, inayoanza na www-jstor-org. Cha tatu nilitumiwa WhatsApp nacho hakifunguki kabisa. Je, ninaweza kuvitengeneza mwenyewe bila kumsumbua mhadhiri?

JIBU: Marahaba. Viwili unaweza. Kimoja kinamhitaji mkutubi, naye usiogope kumsumbua kwa sababu ndiyo kazi yake.

Cha kwanza ni cha mkutubi. Seva ya proksi haipitishi kila tovuti duniani. Ina faili la mipangilio ambamo mkutubi ameandika, moja baada ya nyingine, tovuti ambazo maktaba imezilipia au imeziruhusu, na isiyoandikwa hukataliwa hata kama nywila yako ni sahihi. Mara nyingi kinachosahauliwa ni doi.org yenyewe: jarida limeandikwa, mchapishaji ameandikwa, lakini kituo cha kupitia hakikuandikwa, basi kila kiungo chenye DOI kinagonga mwamba. Mwandikie mkutubi, umpe kiungo kizima kama ulivyokipokea pamoja na maneno ya ujumbe ulioupata. Akiambiwa tu kwamba maktaba haifunguki, hana pa kuanzia. Akipewa anwani kamili, marekebisho ni ya dakika chache. Inawezekana pia kwamba chuo hakijalipia jarida hilo, na hapo uombe wakupatie makala kwa njia ya kuazimiana baina ya maktaba.

Cha pili kina historia fupi. Mhadhiri wako alikuwa tayari amepitia proksi alipoinakili anwani ile. EZproxy, ikishampokea mtu, huyaandika upya majina ya tovuti zote anazozitembelea ili kila ukurasa uendelee kupita kwake: nukta za www.jstor.org hugeuzwa vistari, kisha jina la seva ya chuo hubandikwa mwishoni. Kiungo hicho huweza kufanya kazi kwa mtu wa chuo hichohicho, lakini kimefungwa kwenye mipangilio ya siku ile na hakimfai yeyote wa nje. Kukitibu ni rahisi. Geuza vistari vya jina la tovuti viwe nukta, ondoa jina la seva ya chuo, acha kilichobaki, yaani jina la tovuti na namba ya makala. Huo ndio mzizi. Uanzishe kwa kiambishi cha chuo chako na utakuwa na kiungo kizima. Angalia tu usiweke kiambishi mara mbili, jambo linalotokea sana mtu anapobandika bila kusoma.

Cha tatu huenda hakina ubaya ila njia kilichopitia. Kiungo kirefu kikiwa na nafasi ndani yake, au kikivunjwa kuwa mistari miwili na mtumaji, WhatsApp hukitambua hadi pale kilipokatika tu na kuiacha sehemu iliyobaki kama maneno ya kawaida. Mabano au nukta iliyowekwa mwisho wa sentensi nayo huweza kumezwa ikawa sehemu ya anwani. Nakili vipande vyote, viunganishe, uvibandike mwenyewe kwenye kivinjari.

SWALI: Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo kidogo cha afya. Hatuna seva ya proksi wala mtaalamu wa kuisimamia. Majarida tunayapata kupitia Research4Life kwa nywila moja ya taasisi, na mwaka huu tumeanza pia kutumia programu ya simu ya kufikia maktaba kwa mbali. Wahadhiri wanataka viungo vya kudumu. Tuwape nini?

JIBU: Ndugu yangu, mpo wengi kuliko mnavyodhani, na maelezo mengi ya mambo haya huandikwa kana kwamba kila chuo duniani kina EZproxy.

Research4Life ni jina la pamoja la programu tano: Hinari ya afya, iliyoanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, AGORA ya kilimo, 2003, OARE ya mazingira, 2006, ARDI ya teknolojia na uvumbuzi, 2009, na GOALI ya sheria, 2018. Taasisi za nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, hupata majarida hayo bila malipo. Mfumo wake hufanya kazi kama proksi kwa kuwa msomaji huingia kwenye lango, na tovuti za wachapishaji anazozifungua kutoka humo hupitia lango hilo. Kwa hiyo anwani unayoiona juu ya kivinjari ukiwa ndani ina jina la lango ndani yake, na ukimtumia mtu ambaye hajaingia haitamfikisha popote. Vilevile, DOI tupu ikifunguliwa pembeni humpeleka msomaji moja kwa moja kwa mchapishaji bila kupita langoni, naye ataonyeshwa bei.

Ushauri wangu ni kwamba katika orodha muandike marejeo kamili ya makala, yaani mwandishi, mwaka, kichwa na jarida, pamoja na DOI yake, na juu kabisa ya orodha muweke sentensi moja inayomwelekeza mwanafunzi aingie kwanza kwenye lango, kisha atafute kwa kichwa cha makala au kwa DOI humohumo. Ni hatua moja zaidi, na wahadhiri watanung'unika. Hata hivyo orodha ya namna hiyo itadumu hata chuo kikija kununua proksi miaka mitano ijayo, kwa sababu mzizi mnao tayari.

Kwa programu za kufikia maktaba kwa mbali, kama MyLOFT ambayo vyuo kadhaa vya Afrika Mashariki vinaitumia, kila mtumiaji ana akaunti yake. Hapo tena mzizi mtupu ndio wa kugawa, na mwanafunzi aufungue ndani ya programu akiwa ameshaingia. Mkijaribu kunakili anwani ambayo programu imeitengeneza, mtarudi kwenye tatizo la tiketi ya basi.

Na nywila ya taasisi isiandikwe kwenye orodha ya usomaji. Nimeiona mara nyingi mno, tena kwenye muhtasari wa kozi uliopakiwa hadharani ambapo mtu yeyote anaweza kuusoma. Masharti hayaruhusu kuwapa wasio wa taasisi, na nywila ikivuja chuo kizima kinaweza kufungiwa kwa sababu ya mstari mmoja. Watumieni wanafunzi nywila kwa njia ya faragha, na mnapoibadilisha waarifuni siku hiyohiyo.

SWALI: Mkutubi, mimi ni kiongozi wa darasa. Kwa nini tuhangaike na viungo wakati mmoja wetu anaweza kupakua makala zote na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp? Bando ni ghali.

JIBU: Suala la bando nakubaliana nalo kabisa, na mhadhiri anayedai mwanafunzi afungue kurasa kumi kabla ya kuifikia makala hamtendei haki. Kiungo kizuri hukufikisha kwenye makala kwa kubofya mara moja na kuingia mara moja, ukaipakua, ukaihifadhi kwako, na hujapoteza bando zaidi ya lile ambalo faili lenyewe lingekula.

Lakini kuzisambaza kundini kuna mambo mawili, mbali na mkataba wa maktaba ambao kwa kawaida huruhusu nakala ya kujisomea na si ya kugawa. Kwanza ni takwimu. Kila mwaka maktaba inapokaa na uongozi kuamua majarida gani yaendelee kulipiwa, tunaweka mezani ripoti za matumizi zinazoandaliwa kwa kanuni za COUNTER, ambazo huhesabu makala ilifunguliwa mara ngapi. Darasa la watu themanini likisoma makala kupitia faili moja la WhatsApp, ripoti inasema ilisomwa mara moja. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo jarida lilikatwa kwa sababu hiyo, na walimu waliolalamika baadaye ndio walewale waliokuwa wakisambaza mafaili. Pili, faili haliwezi kukuambia kwamba makala imesahihishwa au imefutwa. Makala ya Andrew Wakefield iliyodai kuna uhusiano kati ya chanjo na usonji ilitoka katika The Lancet mwaka 1998 na ikafutwa na jarida hilohilo mwaka 2010. Anayeifikia kupitia kiungo anaona wazi kwamba imefutwa, lakini aliyerithi faili lililopakuliwa mapema haoni kitu.

SWALI: Ninafundisha Kiswahili Zanzibar, na makala nyingi ninazowapa wanafunzi hazilipiwi: ni za majarida ya wazi au tasnifu zilizomo kwenye hazina za vyuo, yaani hifadhi zao za mtandaoni. Je, hizo nazo ziwekewe kiambishi? Nimegundua pia kwamba baadhi ya anwani za tasnifu zilizokuwa na neno «handle» zimekufa, ilhali niliambiwa ni za kudumu.

JIBU: Makala ya wazi usiiwekee kiambishi. Ukiiweka, unamlazimisha msomaji ajitambulishe mlangoni kwa kitu ambacho hakina mlango, na unamfungia nje mwalimu wa sekondari au msomaji wa Muscat ambaye hana namba ya chuo chako lakini angefaidika na orodha yako. Swahili Forum liko wazi kwa yeyote, na African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, ina majarida mengi ya bara letu yasiyodai malipo. Kwa hayo, DOI tupu inatosha, na isipokuwapo tumia anwani ya ukurasa wa makala wenye ikisiri badala ya anwani ya faili lenyewe, kwa sababu majina ya mafaili hubadilika tovuti inapofanyiwa marekebisho.

Kuhusu hizo «handle», umegusa jambo linaloniudhi kwa miaka mingi. Hazina nyingi za vyuo vyetu zimejengwa kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. DSpace humpa kila andiko namba ya kudumu ya mfumo wa Handle, mfumo uleule unaobeba DOI, na namba hiyo huanza na tarakimu za taasisi ambazo taasisi inapaswa kuzisajili na kulipia ada. Programu inapowekwa kwa mara ya kwanza huja na tarakimu za mfano, 123456789, ili mtu aanze kujaribu. Vyuo vingi havikuzibadilisha. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya tasnifu za Afrika Mashariki na kwingineko zina anwani yenye 123456789, nayo si kitambulisho cha kudumu hata kidogo: hazina hiyo ikihamishiwa jina jipya la tovuti, hakuna rejesta yoyote duniani inayojua ilikokwenda.

Basi ukikutana na tasnifu, tazama tarakimu zinazofuata neno «handle». Zikiwa 123456789, usitegemee anwani hiyo peke yake. Andika jina la mwandishi, kichwa kamili, chuo na mwaka, ili anwani ikifa mwanafunzi aweze kuitafuta upya. Zikiwa tarakimu nyingine, jaribu kuitanguliza namba nzima kwa https://hdl.handle.net/ na ikifunguka, tumia anwani hiyo badala ya ile ya tovuti ya chuo. Na kama una sauti katika chuo chenye tarakimu za mfano, mwombe mkurugenzi wa maktaba asajili tarakimu halisi kabla hazina haijakua zaidi, kwa kuwa kila tasnifu inayoongezwa ni anwani nyingine ya kuja kusahihishwa.

SWALI: Tunaandaa mwongozo wa kozi utakaochapishwa kwenye karatasi kwa wanafunzi wa masafa. Viungo vyenye proksi ni virefu mno kuvichapa kwa mkono. Tuvifupishe kwa huduma za mtandaoni, au tuweke picha za QR?

JIBU: Huduma ya kufupisha ni ahadi ya mtu wa tatu ambaye hana mkataba nanyi. Google yenyewe iliacha kupokea viungo vipya vya goo.gl mwaka 2019, na baadaye ikatangaza kuzima vingi vya vile vya zamani. Mwongozo uliochapishwa haurudi kiwandani kusahihishwa. Picha ya QR ni salama zaidi, mradi ile mnayotengeneza ibebe anwani yenyewe. Baadhi ya tovuti za bure hutoa picha inayompitisha msomaji kwanza kwenye tovuti yao, kisha baada ya miezi kadhaa hudai malipo ili iendelee kufanya kazi. Ipigeni picha kwa simu na msome anwani inayojitokeza kabla ya kuifungua: ikianza na jina msilolijua, itupeni.

Kwenye karatasi mimi ningetenganisha kiambishi na mzizi. Nimeshuhudia maktaba moja ikibadilisha jina la seva yake katikati ya mwaka wa masomo, na kila kiungo kilichochapwa na kiambishi ndani yake kikafa usiku mmoja, ilhali vilivyokuwa kwenye Moodle vilirekebishwa kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha. Chapeni DOI ya kila makala, ambayo ni fupi kiasi cha kuandikika kwa mkono, na kwenye ukurasa wa kwanza wekeni picha moja tu ya QR inayoelekea kwenye ukurasa wa maktaba wenye kisanduku cha kubandikia DOI. Kisanduku hicho huongeza kiambishi chenyewe, nacho kikibadilika mkutubi atakirekebisha mahali pamoja. Chini ya picha hiyo andikeni anwani ya ukurasa kwa herufi kubwa kidogo, maana si kila simu iliyoko kwa wanafunzi wenu ina kamera inayosoma QR.